Kabla hujasema "pesa zimeliwa bure": namna ya kuupima utafiti unaotuambia tunayoyajua

Kuna maneno nayasikia karibu kila redio ikitaja utafiti mpya. Tuko barazani Wete, kahawa imeshamiminwa, mtangazaji anasema watafiti wamegundua kwamba mtoto akenda skuli na njaa hafahamu masomo, na hapo hapo mtu anaweka kikombe chini, "hilo nalo lilitaka utafiti? Bibi yangu hakusoma hata darasa moja na alikuwa akilijua". Wote wanaitikia, kisha inakuja ile ya pesa, kwamba zingejenga choo cha skuli, zingenunua dawa pale kituoni, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mie hayo maneno siyadharau. Nimefanya kazi ya udadisi, yaani kwenda kuwauliza watu maswali ya utafiti, miaka kadhaa Unguja na Pemba, nimebeba tableti na fomu za ridhaa kuanzia Makangale mpaka Kisiwa Panza, nimefungiwa milango na nimekaribishwa mihogo na watu ambao sijui kesho yake walikula nini, na nimeona pesa za utafiti zikipotea kweli, na nimeona pia utafiti uliookoa watoto. Ila zile zinazopotea mara nyingi sizo tunazozipigia kelele barazani. Ndo maana naandika haya, yakufae ukisikia matokeo yanayofanana na jambo la kila siku, au kama wewe ni mwanafunzi pale SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, umeambiwa mada yako inajulikana tafuta nyengine, au uko kwenye kamati ya shehia na wamekuja watu na barua zao wanataka kuingia nyumba kwa nyumba.

Andika jibu lako kabla hujasikia lao

Hii ndo ya mwanzo na ndo ngumu kuliko zote kwa sababu inataka uwe mkweli peke yako bila ya mtu kukuona. Ukisikia kuna utafiti soma swali tu, matokeo yaache. Chukua simu andika: nadhani jibu ni hili. Usiandike ndio au hapana peke yake, andika na kiasi, katika watu mia ni wangapi, na andika ni watu gani hasa, wa mjini au wa shamba, wenye kisomo au wasio nacho. Afu ndo ufungue matokeo.

Kwa nini nahangaika na hilo? Kwa sababu kichwa cha mwanadamu kikishapewa jibu kinajipa na kumbukumbu kwamba kilikuwa nalo. Baruch Fischhoff na mwenzake waliwauliza wanafunzi kule Israel, mwaka 1972 kabla rais Nixon wa Marekani hajafanya safari zake za China na Moscow, kwamba nini kitatokea huko na uwezekano wake ni kiasi gani. Safari zilipokwisha wakawarudia, wakawaambia hebu kumbukeni mlijibu nini. Wengi wakajikumbuka walikuwa na uhakika zaidi kuliko walivyoandika kweli, hasa kwa yale waliyodhani yametokea. Hawakuwa waongo hao, ndivyo kichwa kilivyo. Sasa fikiria sisi ambao hatuandiki kitu, tunasikia matokeo kwanza, kwa nini tusiamini kwamba tulikuwa tunajua siku zote.

Tujaribu moja hapa hapa. Ukimpa mjamzito wa Zanzibar huduma ya simu, akawa anapata meseji za kumkumbusha kliniki na za kumuelimisha, na akapewa vocha apate kumpigia mkunga, atakuwa na uwezekano zaidi wa kujifungua mbele ya mkunga aliyesomea? Na faida kubwa itaonekana kwa wa mjini au wa shamba? Andika. Jibu nitakupa chini.

Yageuze, uone kama yanasikika sawa sawa

Chukua matokeo uyapindue, afu jisomee kwa sauti. Mfano wa kutunga tu: "wanawake wanaolima mwani wana sauti zaidi nyumbani kwao". Utasema bila shaka, mtu mwenye pesa yake mkononi anasikilizwa. Haya geuza: "wanawake wanaolima mwani hawana sauti zaidi nyumbani". Utasema bila shaka, kazi ya pwani imeongezwa tu juu ya kuni, maji na watoto, na pesa yenyewe ya mwani ni ndogo. Zote mbili zinaingia akilini bila ya tabu. Ikiwa hivyo basi hukuwa unajua, ulikuwa tayari kukubali chochote utakachoambiwa, na hiyo ni hali tafauti na kujua.

Aliyelionyesha hili vizuri ni Paul Lazarsfeld, mwaka 1949. Watu walikuwa wakiulalamikia utafiti mkubwa wa askari wa Marekani wa vita vya pili, zaidi ya nusu milioni waliulizwa, kwamba umetumia mali kutuambia mambo ya wazi. Yeye akayaorodhesha baadhi ya hayo mambo ya wazi: askari waliosoma walisumbuka akili zaidi kuliko wasiosoma, waliotoka mashamba walikuwa na moyo zaidi jeshini kuliko wa mjini kwa vile wamezoea shida, na mengine. Msomaji anaitikia tu kwa kichwa, naam, naam. Afu akawaambia, yote niliyoyaandika hapo ni kinyume cha yale yaliyopatikana.

Na kwetu tuna la kwetu. Kichocho. Baina ya 2011 na 2017 shehia 90 za Unguja na Pemba ziligaiwa makundi matatu, kundi moja watu wanapewa dawa tu, la pili dawa pamoja na kuuliwa konokono kwenye mito na mabwawa, la tatu dawa pamoja na elimu ya kubadilisha tabia. Mtu yeyote ukimuuliza atakwambia ukiongeza kitu juu ya dawa utapata zaidi, inahitaji kusoma hiyo? Kichocho kilishuka sana makundi yote, alhamdulillahi, lakini kuuwa konokono na kufundisha havikuonyesha tafauti ya wazi na dawa peke yake kwa miaka hiyo. Haina maana konokono waachwe wala watoto wasifundishwe, lakini wewe unayepanga bajeti ya mwaka kesho, jambo hilo si dogo kwako.

Kisa cha vidonge vya damu

Hapa nitakaa kidogo, mana ndo kisa ambacho natamani kila Mpemba akijue. Kilitokea kwetu na kikabadilisha ushauri wa dunia nzima, lakini barazani sijasikia mtu akikitaja hata siku moja.

Watoto wetu walikuwa na upungufu wa damu kwa wingi. Dawa yake inajulikana, madini ya chuma, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa linashauri kwamba sehemu ambazo upungufu wa damu umezidi, watoto wadogo wapewe chuma wote bila ya kupimwa mmoja mmoja. Sasa jitie wewe ndo mwenye pesa, mtu anakuja anakwambia nataka kupima kama vidonge vya damu vinawafaa watoto wa mahali palipojaa upungufu wa damu. Mie ningemwambia kwa herini, nenda kavinunue uvigawe.

Ikafanywa. Ilianza 2002, na kazi hiyo iliihusisha ile maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Waliingia watoto 24,076 wa kuanzia mwezi mmoja mpaka miezi 35. Kundi moja chuma na asidi ya foliki, jengine chuma na foliki na zinki, jengine kidonge kisicho na dawa ndani yake. Nani anakunywa nini familia haijui wala mgawaji hajui.

Agosti 2003 makundi yenye chuma yakasimamishwa, kamati ya kuangalia usalama ilipopitia hesabu. Watoto waliopewa chuma ndo waliokuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wale wa kidonge kitupu, hatari ya kufa au kulazwa ilizidi kwa asilimia 12. Si kidogo hiyo ukiizidisha kwa watoto wa Afrika nzima ambao walikuwa wapewe vidonge hivyo hivyo kwa nia njema kabisa. Wakati huo Pemba ilikuwa na malaria nyingi, haijashuka kama ilivyo sasa, na utafiti ndugu yake uliofanywa Nepal, sehemu isiyo na malaria, haukuonyesha madhara hayo. Afu kulikuwa na kundi dogo ndani ya utafiti wa Pemba lililofuatiliwa kwa karibu, watoto wanapimwa malaria na kutibiwa mapema, na humo wale waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walifaidika. Matokeo yakatoka 2006 na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake, kwamba kwenye malaria nyingi usimpe kila mtoto bila ya kuangalia, na baadae ikafafanuliwa kwamba chuma kinafaa ikiwa kinga, vipimo na matibabu ya malaria yapo. Kwa hiyo usisome hapa ukenda kumwaga dawa ya mwanao, daktari akimwandikia vidonge vya damu mpe kama alivyoandikiwa.

Ninachotaka ukichukue ni kwamba swali lilikuwa la wazi, jibu lilikuwa kwenye vitabu, na jibu hilo lilikuwa na makosa kwa watoto wetu. Kila nikisikia mtu anasema hili linajulikana, nawakumbuka wale watoto. Kuna wazazi Pemba walizika katika utafiti ule, kundi la chuma na kundi la kidonge kitupu pia, na walikubali watoto wao waingie ili jambo lijulikane. Basi angalau lijulikane.

Uliza kiasi gani, na kwa nani

Nilikwambia nitakupa jibu la simu. Walikuwa wajawazito 2,550 kwenye vituo vya afya 24 hapa Zanzibar. Waliopata huduma ya simu, asilimia 60 walijifungua mbele ya mkunga aliyesomea, wasiopata asilimia 47. Mpaka hapo utasema si nilisema. Lakini faida ilionekana kwa wanawake wa mjini, kwa wa shamba haikuonekana. Mie ningedhani kinyume, kwamba wa shamba aliye mbali ndo atafaidika zaidi na simu. Ukitafakari baada ya kujua unaanza kupata sababu, usafiri usiku haupo, mwenye simu ni mume, meseji haimbebi mtu mpaka hospitali. Lakini hizo sababu umezipata baada ya kujua, rudi kwenye karatasi yako uone uliandika nini.

Ndo maana ukisikia jambo la wazi uliza mara moja: kwa kiasi gani? Njaa inaharibu masomo, sawa, lakini kikombe cha uji kinarudisha kiasi gani, na kinafaa asubuhi kabla ya darasa au saa nne, na watoto wa chuoni waliotoka madrasa alfajiri wana hali gani? Bibi hakukwambia hayo. Mwenye kupanga uji wa skuli mia hawezi kununua unga kwa "inajulikana".

Na uliza wapi. Kuosha kitovu cha mtoto mchanga kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kulipunguza vifo Nepal. Pemba watoto wachanga 36,911 waliingia kwenye utafiti wa swali hilo hilo, na tafauti ya vifo ikawa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Mtu atasema wamerudia jambo lililokwisha kujulikana. Hapana, lilijulikana kwa huko.

Usihukumu kwa kichwa cha habari

Hii nitaipitia haraka. Mara nyingi sentensi iliyokuchekesha redioni si ya mtafiti, ni ya aliyefupisha. Utafiti wa kurasa kumi na tano unatolewa sentensi moja, na inayochaguliwa ni ile rahisi. Kwa hiyo nenda kwenye PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa afya, ni bure, andika "Pemba" au "Zanzibar" pamoja na neno la jambo lenyewe, utapata muhtasari. Ni Kiingereza, kama kinakusumbua mwombe kijana aliyemaliza fomu siksi mkae pamoja, ni nusu saa tu. Tafuta vitu vitatu: walikuwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na jambo kuu lililokuwa linapimwa ni lipi. Lile la redioni mara nyengine utalikuta limo kwenye mstari wa mwisho kama jambo la pembeni.

Hesabu pesa kwa haki

Marekani kulikuwa na seneta wa Wisconsin, William Proxmire, kuanzia 1975 mpaka 1988 akitoa zawadi ya aibu kwa taasisi za serikali alizoona zimechezea pesa za watu. Ya kwanza kabisa ilikwenda kwa shirika la taifa la sayansi kwa dola 84,000 za kusoma kwa nini watu wanapendana. Watu walimpenda sana kwa hilo, na sehemu ya kazi yake ilikuwa ya haki, mwenye kulipa kodi ana haki ya kuuliza. Lakini tangu 2012 kuna tunzo nyengine huko huko, ya kuwapa heshima watafiti ambao kazi zao zilionekana za ajabu afu zikaleta manufaa makubwa, na 2016 walipewa waliosoma namna inzi wa funza wa vidonda anavyopandana. Umuhimu wake ni kwamba jike la inzi yule hupandwa mara moja tu, basi ukimwaga madume yaliyohasiwa kwa mionzi kwa wingi, majike yanamaliza bahati yao kwa dume lisilo na kitu na kizazi kinakatika.

Na hilo linatuhusu vipi? Mbung'o wa Unguja. Ng'ombe walikuwa wanakufa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, watu wa karibu na Jozani wanajua. Kuanzia 1994 ndege ilikuwa inamwaga madume tasa juu ya kisiwa, yamezalishwa Tanga, jumla zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa porini wa mwisho alikamatwa Septemba 1996. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa Unguja ulivyo leo una deni kwa mtu aliyekaa kuangalia inzi wanapandana mara ngapi. Barazani kwetu ungefika na swali hilo kuomba pesa ungepewa kahawa ukaambiwa nenda salama.

Kwa hiyo ukitajiwa kiasi, uliza ni cha miaka mingapi na kimelipia nini. Huku kwetu pesa nyingi zinakwenda kwenye mambo ambayo hayaonekani kwenye ripoti: mafuta ya gari na boti, posho za wadadisi ambao ni vijana wa hapa hapa, friji za sampuli na jenereta umeme ukikatika, mtu wa maabara wa kusoma vipimo. Uliza pia kilichobaki, maabara imebaki, vijana waliofundishwa wamebaki, takwimu ambazo wengine watazitumia zimebaki? Na ile hoja ya choo, niseme kweli, mara nyingi pesa za utafiti zimetoka kwenye mfuko ambao usingejenga choo, zingekwenda kufanya utafiti nchi nyengine. Hiyo haina maana choo si muhimu, ina maana choo tukidai kwa anayepaswa kukijenga.

Upotevu wa kweli uko hapa

Sasa hasira zako usizitupe, zilete huku. Mwaka 2009 Iain Chalmers na Paul Glasziou, wote watu wa utafiti wa tiba, waliandika kwamba kama asilimia 85 ya uwekezaji wa utafiti wa afya duniani huenda inapotea. Hawakusema ni kwa sababu majibu yalikuwa ya wazi. Walisema ni kwa sababu maswali hayawahusu wagonjwa, mbinu ni mbovu, watafiti hawasomi yaliyokwisha fanywa, na matokeo mengi hayachapishwi au yanaandikwa kiasi ambacho hayatumiki.

Mfano ninaoutumia kila nikifundisha wadadisi wapya ni dawa ya aprotinini, ya kupunguza kuvuja damu kwenye upasuaji wa moyo. Baina ya 1987 na 2002 zilitoka tafiti 64 kuuliza kama inapunguza haja ya kuongezewa damu, na ukizijumlisha kwa mpangilio unaona jibu lilikuwa limeshatulia kwenye ya 12, mwaka 1992. Zaidi ya hamsini zikafuata. Watu wanapasuliwa, nusu yao wananyimwa dawa ili lijulikane jambo lililokwisha kujulikana, kwa sababu watafiti hawakuzisoma za wenzao. Hilo ndo jambo la wazi lililorudiwa kwa hasara, na angalia tafauti yake na kisa cha chuma: hapa lilikuwa limepimwa tayari, kule lilikuwa linadhaniwa tu.

Na huku chini nimeyaona yangu. Ami yangu ni mvuvi, upande wa Kojani, katika mwaka mmoja aliulizwa na makundi matatu tafauti kama samaki wamepungua. Mara tatu maswali yale yale karibu neno kwa neno, na hakuna kundi lililokuwa linajua habari za mwenzake. Ya tatu akaniuliza mie, mwanangu, zile karatasi mbili za mwanzo mmezipeleka wapi? Sikuwa na jibu. Mradi mmoja nilioufanyia kazi mwenyewe tulikaa miezi mitano, nyumba mamia, tukawaahidi watu matokeo yatarudi, na mpaka leo sijaona ripoti wala makala, na siku hizi nikipita shehia ile nainamisha kichwa. Swali la mradi ule lilikuwa zuri, wala halikuwa la wazi, na pesa zake zimepotea zote.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama zimeliwa bure fuatilia haya: swali ni jipya kwa mahali panapofanana na hapa? Watu ni wa kutosha au ni ishirini waliokutwa sokoni? Utafiti ulisajiliwa kabla ya kuanza, kama ni majaribio ya tiba utaupata kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye sajili ya Afrika ya PACTR, na jambo kuu lililoandikwa pale ndo hilo hilo lililotangazwa mwishoni? Matokeo yametoka? Kuna mtu amebadilisha kitu kwa sababu yake? Ukipata hapana tatu hapo piga kelele, na mie nitakuwa nawe.

Kwa wewe mwanafunzi, ukiambiwa mada inajulikana usibishane kwa mdomo. Rudi na karatasi mbili, ya kwanza orodha ya waliokwisha kuipima, wapi na lini, ya pili kile ambacho hakuna aliyekipima, kiasi, au kundi, au mahali. Karatasi ya pili ikiwa tupu basi mwalimu wako kasema kweli, badilisha mada.

Wakija mlangoni kwako

Una nguvu kuliko unavyodhani, mana bila ya majibu yako hakuna utafiti. Watakuja na sheha au mjumbe wake. Waulize kibali, utafiti wa afya hapa unapitia kamati ya maadili ya ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar, andika namba yake na jina la mradi. Waulize nani kashauliza jambo hili shehia hii na yeye alipata nini, kama kiongozi wa timu hajui hilo ni dalili mbaya. Waulize kwa nini hapa na si pengine. Na la mwisho, ambalo ndo kubwa, waulize matokeo yatarudi lini, na yatarudi vipi, kwa karatasi, kwa mkutano, kwa Kiswahili? Taka mwezi na mwaka, usikubali "yatarudi inshallah" peke yake. Huna raha nao, kataa, ni haki yako, imeandikwa kwenye fomu ile ile wanayokupa utie saini.

Kuna bibi mmoja kule Mkoani aliniuliza hivyo. Nikampa mwezi, akauandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake mbele yangu. Mwezi ulipofika sheha akapiga simu, bibi anauliza. Tukenda, tumeyaandika matokeo ukurasa mmoja, tukawasomea watu skulini baada ya alasiri. Tulipofika kwenye maji, tumesema mtaa ule una visima viwili, akanyanyua mkono akasema vinne, viwili viko nyuma ya mikarafuu na hamkufika huko. Kesho yake asubuhi akatutangulia kwa miguu kutuonyesha, na tukavihesabu tena.